Mizinga Yangu Miwili Iliyoandikwa Mbuzi

Mwenye bucha alifika kwangu nje kidogo ya Ishiara akiwa na kamba na simu.

"Mzee, nimewajia wale mbuzi wawili. Mfumo wa chama unasema hawana pembe na maziwa yamekauka."

Nilihesabu mbuzi wangu. Nikarudia. Wote walikuwa na pembe. Ndipo nikainua macho hadi kwenye mgunga, ilikoning'inia mizinga yangu miwili ya nyuki.

Chama chetu cha wafugaji kilipowekewa hifadhidata, jedwali lilikuwa moja tu: jinsia, pembe, lita za maziwa. Mizinga tuiweke wapi? Mwenyekiti alikata shauri: "Mfugo ni mfugo. Andika mbuzi jike, asali ikae pale kwa maziwa." Tukampigia makofi. Sasa kompyuta ilikuwa imeona mbuzi anayekamuliwa mara mbili kwa mwaka, ikamtafutia kisu.

"Panda basi uwafunge," nikamwambia mwenye bucha. Alitazama juu, akasikia mvumo wa nyuki, akakunja kamba yake.

Sikucheka sana. Mnunuzi wa asali kutoka Kinoru alikuwa anakuja Ijumaa, na hununua kwa orodha ya mfumo tu. Kwake yeye, sikuwa na mzinga hata mmoja.

Nikampigia binti kutoka Kaaga aliyetutengenezea mfumo. "Utaung'oa wote?"

"Hapana, mzee. Jedwali linabaki, nalipanua tu. Natengeneza aina moja, mfugo, yenye mwenyewe na mahali anapokaa. Chini yake naweka mbuzi na mzinga. Kila mmoja anarithi hayo, halafu anaongeza yake: mbuzi pembe, mzinga mavuno yake yote ya asali kwenye mstari wake mmoja. Na kila aina inajua yenyewe kupiga hesabu ya thamani yake."

"Hiyo ni suti mpya ama ni kiraka?"

"Ni kiraka."

"Basi nitajie bei ya kiraka."

Akaitaja, kisha akashuka kidogo. Nikamshusha tena. Kwetu urithi huita wazee, chifu na mapanga. Yeye aliumaliza kabla chai yangu haijapoa.

Ijumaa mnunuzi akafungua simu: mizinga miwili, jina langu. Asali ikapimwa. Nikaomba ipimwe tena.

Mwenyekiti alipoona hivyo, naye akampigia binti, akitaka aina yake mwenyewe kwenye mfumo.

"Inawezekana, mzee. Nitaweka mwenyekiti chini ya mwanachama."

"Lakini isirithi zamu ya wanachama ya kufagia uwanja wa mnada."

"Inarithi yote kwanza, ndipo iongeze yake."

Jumamosi nilimkuta mwenyekiti mnadani ameshika fagio, akifagia polepole, kama mtu anayesubiri kuandikwa upya.