Kipande ya Nyungu kwa Mulango ya Kanisa

Hapana Koko, mimi sikumufukuza. Nilimwambia tu aikale pale karibu na mulango, juu wamama wengine walikuwa wanataka kusimama na kwenda. Ningefanya nini? Kupoteza wamama kumi na mbili juu ya mumoja?

Vile njo nilimujibu nyanya yangu leo, tukiwa tunachambua maharagi kwa baraza. Alikuwa ananiuliza juu ya Mama Bahati, ule mama Mutwa, wa wale Batwa wenye watu wanazarau, mwenye alikuja asubui kwa masomo yangu ya kusoma na kuandika, kule kapela, kanisa ndogo ya Lushebere. Alikuja na kaye mupya ya kuandikia, ameifunga mu kitambaa isilowane na mvua. Wamama wakavuta mukeka. Mumoja akasema: "Huyu naye? Akikunywa kwa kopo yetu, mimi siigusi tena." Wengine wakacheka. Mimi nikamutandikia majani ya ndizi kwa mulango, nikamuletea maji yake mu kopo ya zamani yenye kutu. Hakukunywa. Mbele masomo iishe, alikuwa amekwisha kwenda.

Nilifikiri nimefanya vizuri, juu masomo iliendelea.

Koko aliacha maharagi. Yeye haleti maneno haraka, na mimi kungojea kunanishinda, kila siku ananisema juu ya ile. Lakini leo niliikala. Ninaandika hapa maneno yake vile aliyasema.

"Mwanangu, vile unasema, na mimi nilisema vile, na nilikuwa na miaka yako. Ile siku haijanitoka kwa kichwa. Vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha, baba zetu walikuwa wanachimba barabara na mikono, na mimi nilikuwa musichana wa kuringa, juu nilijua kusoma katekismo bila kufuata na kidole. Papa Luka, katekista wetu, akanipa kazi ya siku ya Mungu. Watu walikuwa wanatoka mbali, wengine kule Kirolirwe, wanafika na kiu. Mimi nilikuwa ninaikala kando ya nyungu ya maji kwa mulango ya kanisa, ninamupa kila muntu kibuyu akunywe. Kazi ndogo. Lakini mimi niliiona kama kiti ya mwami, mufalme wetu.

"Kulikuwa mama mumoja Mutwa, jina yake Nyantaba. Alikuwa anafinyanga. Nyungu zote za kilima chetu, za kupikia, za kuwekea pombe ya kasiksi, zilitoka kwa mikono yake. Na ile nyungu ya kanisa, mwanangu, ni yeye aliileta. Aliibeba kwa kichwa, akaiweka pale, hakuomba kitu. Alikuwa anasoma ubatizo. Ilibakia majuma tatu abatizwe.

"Sasa, desturi yetu ilikuwa hivi. Nyungu ya Mutwa tunaipikia, tunakula, hakuna shida. Lakini yeye mwenyewe akitaka kukunywa kwetu, tunamutilia maji mu kipande ya nyungu yenye kuvunjika, halafu tunaitupa. Hakuna muntu aliona ni haya. Mimi sikuwaka na roho mubaya, nilifanya vile mama yangu alikuwaka anafanya. Ile siku Nyantaba alinyoosha mukono. Mimi nikaficha kibuyu nyuma ya mugongo, nikaokota kipande kwa majani, nikamutilia. Aliiangalia. Ilikuwa na mistari tatu na alama ya kidole, vile alikuwaka anaandika kwa shingo ya kila nyungu. Ilikuwa nyungu yake mwenyewe. Akarudisha mukono.

"Papa Luka aliona. Akakuja pole pole, akaichukua ile kipande mu mukono yangu, akakunywa maji yote, akapanguza ndevu. 'Tangu leo,' akasema, 'na mimi utanipa mu hii.' Wazee wakatikisa kichwa, wakasema kweli huyu ni muntu wa Mungu. Juma nzima kilima ilikuwa na hadisi moja tu: Papa Luka alikunywa mu kipande."

Koko akatoa jiwe moja mu maharagi, akaitupa inje.

"Unafikiri hadisi inaishia pale?"

Nikasema ndiyo. Kwa kichwa yangu nilikuwa nimekwisha kupanga: masomo yenye inakuja, mbele ya wamama wote, nitachukua ile kopo ya kutu na nitakunywa. Wataona.

"Uso yako inasema na wewe unataka kukunywa mbele ya watu," akasema, akacheka kidogo. "Wewe na mbio zako. Ikala kwanza.

"Wakati sisi wote tulikuwa tunamuangalia Papa Luka, hakuna muntu alimuangalia Nyantaba. Kugeuza shingo, hayuko. Amekwisha kushuka njia ya mutoni. Kesho yake hakuja kwa masomo. Mimi nilijiambia atarudi. Papa Luka naye, nafikiri, alijiambia vile. Siku ya ubatizo jina yake iliitwa mara mbili, na tuliitikiwa na watoto wenye kulia tu.

"Nyuma ya misa Papa Luka akanishika mukono, tukaenda kwake. Njiani aliniambia neno yenye sijasikia tena kwa mukubwa. 'Mutoto,' akasema, 'wewe ulikosa, na mimi nilikosa. Wewe ulimunyima kibuyu. Mimi nilikunywa ili nyinyi mujifunze. Nilisema na nyinyi. Yeye sikumwambia hata neno moja.' Tulikuta nyumba tupu, jiko baridi. Jirani akasema wamekwenda, yeye na watu wake, wameshika njia ya Walikale.

"Miaka ikapita. Nikaolewa. Mume wangu akapata kazi ya kukata mbao kule Walikale, nikamufuata, na baba yako kwa mugongo. Kila soko niliuliza juu ya Nyantaba. Siku moja mama mumoja, mulimaji wa kule porini, alikuwa anauzisha mafuta ya ngazi, yale ya mawese, mu nyungu. Nikaona shingo ya ile nyungu: mistari tatu na alama ya kidole. Nikamuuliza mwenye kuifanya yuko wapi. 'Alikufa musimu ya mvua yenye imepita,' akasema. Nikamuuliza kama alikuwaka anaomba. 'Alikuwa anaomba peke yake, akiwa anafinyanga. Kwa kanisa hakukanyaga.'

"Mwanangu, niliikala chini pale sokoni, na mutoto kwa mugongo. Ile musamaha ya kumuomba yenye nilibeba mbali vile, nilirudi nayo. Niko nayo hata leo."

Nikashika maharagi, nikachambua mabaya na mazuri pamoja. Koko aliona, hakunigombeza. Akaendelea na sauti ya chini.

"Basi, shauri yangu njo hii. Kuheshimu muntu hakuanzi mbele ya watu, kunaanza kwake. Enda kwa mulango yake. Yeye njo akupe kiti, yeye njo akupe maji. Na ukitumikia muntu, umuangalie yeye, usiangalie wenye wanakuangalia. Bwana wetu aliosha miguu ya watu wake. Unafikiri alikuwa anaangalia wapi? Alikuwa anaangalia miguu."

"Na wale wamama wengine, Koko? Watatoka."

"Watatoka wengine. Wafuate nao, nyumba kwa nyumba, bila kuwasema vibaya. Nao ni watu. Mimi nilikuwa kama wao."

"Na Mama Bahati akikatala kunipokea?"

"Utarudi. Sisi tulingojea majuma tatu. Wewe bado uko na kesho."

Halafu akaweka mukono yake kwa kichwa yangu, na vumbi yote ya maharagi, akafunga macho. "Mungu akupe miguu yenye haichoke kwenda kwa watu. Akupe shingo ya kuinama bila kusikia haya. Na mulango yenye utabisha, ifunguke mungali wote wawili wazima." Nikasema amina. Leo sikuisema haraka.

Kesho, mbele kengele ya kwanza ilie, nitapanda njia ya juu mupaka kwa Mama Bahati, bila kaye, bila kumwambia muntu. Nitabisha, nitamuita na jina yake, nitaomba musamaha mbele ya kusema kitu kingine. Akinipa maji, nitakunywa mu kile atanipa. Akininyima, nitaikala inje, karibu na mulango.