Jirani Aliyesema Nilimfundisha Kuogelea

Jirani yangu wa hapa Likoni amefariki dunia. Maradhi ya moyo yamemchukua wiki iliyopita, na kabla sijasimulia mengine niseme mapema kwamba hayakumkuta majini. Yalimkuta kitini, sebuleni kwake, akisikiliza redio. Alikuwa karani bandarini, mtu wa bara aliyehamia kwetu akiwa kijana akazeekea hapa hapa, na kila siku ya kazi alivuka kivuko kwenda na kurudi. Nilikusudia kumwandikia kumbukumbu ya heshima, kama nilivyowaandikia wengine waliotangulia. Lakini wasomaji wangu mmenizoea, mngegundua kwamba nawaficha jambo. Naona haya, na haya yenyewe ndiyo habari ya leo.

Marehemu aliogopa maji. Siku moja tukiwa barazani kwangu alinifungulia moyo. "Jirani," akasema, "mimi nilikozaliwa maji ni ya kuchota na kunywa. Feri ikitikisika kidogo tu, roho inanipanda hapa kooni. Nataka nijue kuogelea kabla sijastaafu, nivuke hata mara moja bila kushikilia chuma. Wewe ni mtu wa hapa. Nifundishe." Sasa, mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa Likoni, nimekulia Likoni, na maji yakinifika kifuani natapatapa. Marehemu mama alitukataza kwenda ufuoni tangu utotoni, na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu hudhani tumezaliwa tunajua. Basi badala ya kumwambia ukweli nikamjibu kama tunavyojibu sisi huku, Waislamu kwa Wakristo: "Inshallah, Jumamosi." Mpwani yeyote angeelewa kwamba hapo ameshakataliwa kwa adabu, na mazungumzo yangehamia kwenye bei ya unga. Yeye alilisikia neno lile kama lilivyo, maana kwao mtu akimtaja Mungu na siku, basi amekubali. Jumamosi asubuhi akapiga hodi, taulo begani.

"Mwambie nimetoka," nikamnong'oneza mke wangu. "Umetoka umeenda wapi, na viatu vyako viko mlangoni?" akaniuliza, lakini akaenda. Nikamsikia jirani akicheka kwa upole: "Hakuna neno, shemeji. Nitakuja Jumamosi ijayo." Akaja. Akaja tena na tena, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikawa najibanza nyuma ya pazia la chumbani hadi aondoke. Mwishowe nilimwona akiviangalia vile viatu vyangu kwa muda, akatabasamu, akashika njia ya ufuoni peke yake.

Huko alimpata mama mmoja wa mtaani, maarufu kwa kuogelea na dera lake mwilini na kwa ukali wa maneno. Siku ya kwanza walikubaliana atie uso majini autoe, basi, na alirudi nyumbani amefurahi mno, akatusimulia kanisani. Baadaye ikawa kuelea. Akikosa kwenda, yule mama humsubiri njiani: "Baba weye, mbona jana hukuja? Maji yalikuwa yametulia tuli, wataka yakubembeleze?" Kwa hiyo akawa haikosi Jumamosi. Vijana wa ufuoni walimwita Kiboko, naye akawapungia mkono. Nalifikiria hili nikikumbuka mikesha yetu ya mwaka mpya, jinsi tunavyosimama mbele ya waumini tukitangaza shahada tutakazosoma, viwanja tutakavyonunua na matumbo tutakayopunguza, tukapigiwa makofi, na makofi hayo yakatutosha hadi mkesha mwingine. Yeye alitangaza kidogo, tena baada ya kulifanya. Alijichagulia jambo linaloweza kumalizika siku hiyo hiyo, akatafuta mtu wa kumkaripia, na zaidi ya yote akakubali kuchekwa. Aliweza kuogelea, na aliwahi kuvuka kivuko mikono mifukoni kabla hajastaafu.

Nirudi kwenye haya yangu. Kabla ya msafara kuondoka kwenda kumzika kwao bara, tulikuwa na maombi nyumbani kwake. Binti yake akashuhudia jinsi baba alivyotimiza azma yake, kisha akanielekezea mkono: "Na tumshukuru mzee huyu, jirani yetu. Baba alituambia ndiye aliyemfundisha kuogelea." Watu wakageuka. Mchungaji akaniomba niseme neno. Nilisimama nikiwa na nia ya kukanusha, wallahi nilikuwa nayo, lakini nikaona nyuso zile zote zinanitazama kwa shukrani. Nikasema, "Alikuwa mwanafunzi mzuri," nikaketi. Wakanipigia makofi, na yule mama wa dera, aliyekuwa ameketi upande wa pili, akainama akatazama mkeka. Sijawahi kujidharau kama saa ile.

Nilimfuata mjane kabla hajapanda basi. "Shemeji, nisamehe. Nimesema uongo mbele ya jeneza. Mimi hata kuogelea sijui."

"Najua," akasema. "Binti hajui, lakini mimi najua. Mzee aliniambia: jirani haogelei, na kinachomzuia ni haya. Akasema, wacha nimpe sifa isiyokuwa yake, labda ataona afadhali ajifunze kweli, aistahili." Akajifunga leso vizuri. "Alikungoja, shemeji. Kila Jumamosi akienda ufuoni alikuwa akipita mlangoni kwako polepole."

Akapanda, basi lao likaondoka. Nimetafakari tangu siku hiyo, na ninaloweza kuwaachia ni hili: mambo mengi tuliyoyatamani maishani hayakuwa magumu kiasi hicho, tuliogopa tu kuonekana tukiyaanza vibaya. Nilimwendea yule mama wa dera. Hakunisuta, ingawa nilistahili. Alinitazama juu hadi chini akaniuliza kama nina kaptura. Jumamosi hii nitakuwa ufuoni kwetu, kwenye maji ya magotini, pamoja naye, nikijaribu kutia uso majini. Mkipita mkaniona, nichekeni. Yule aliyekuwa akinipitia hapiti tena.