Venye Nilimfanya Mama Kuwa Mwenye Wimbo

Mi sheria niliisoma kwa karatasi za mandasi. Njo vile, musicheke. Ile mwaka yetu ya kwanza Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, nilikuwa naingia Lilongwe kutafuta kibarua, na kule soko ya Biwi kulikuwa mama moja Mmalawi anakaanga mandasi na kuzifunga ndani ya karatasi za ofisi. Siku moja niko nakula, naona mafuta imeingia kwa maneno, nasoma: mwenye kutunga wimbo iko na haki juu yake. Kiingereza yangu ilikuwa ya kuokota-okota, lakini hiyo niliisikia vizuri. Zilikuwa karatasi za semina ya mawakili, mambo mapya ya sheria inayolinda vitu vya akili. Mapatano mapya ya biashara ya dunia. Programu za kompyuta, sasa zinahesabiwa kama vitabu. Mtunzi analindwa mpaka kufa, na miaka hamsini kisha kufa.

Nikarudi kwa yule mama. "Amayi, nipatie mandasi ingine, lakini unifungie na ile karatasi ya chini, yenye inafuata hii."

Akacheka, akaita benzake. "Mukuje muone huyu! Anakula karatasi, mandasi anaachia inzi!"

Siku kwa siku nikapata karibu semina mzima, isipokuwa mwanzo, juu mwanzo bantu walishaipanguzia mikono. Nikasoma na kamusi ya kuazima mpaka usingizi ikanishika. Na mi, kintu nikikijua, siwezi kukifunga mdomoni. Kambi mzima ikaanza kuniita avoka, wakili.

Nikuambie juu ya Mama. Mi ni mtu wa Bukavu, nilifika kambini peke yangu, na mwenye alinipokea hakukuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mrundi wa vilimani, mkubwa kidogo kuliko mama yangu mwenye nilimwacha. Alinipa nsima, ugali wa kule, bila kuniuliza jina ya baba. Tangu ile siku, mtu akimgusa, mi nilikuwa naokota jiwe mbele ya kuuliza kulitokea nini. Hata leo niko vile. Njo maana hii habari inaniuma, juu safari hii mwenye alimgusa ni mi.

Mama alikuwa anaimba alto katika korali yetu, Barundi na Bakongomani pamoja. Tulikuwa tunarudilia nyimbo ndani ya chumba moja ya gereza ya zamani, juu mbele ya sisi kufika kambi ilikuwa gereza, madirisha yake ni vitundu tu kule juu, na sauti ikiingia mule haipati njia ya kutoka, inakuzunguka. Na korali ilikuwa na desturi yake. Mtu akipewa wimbo, kwa maombi ao kwa ndoto ao kwa shamba, anauleta siku ya mazoezi. Anauimba yeye peke yake mpaka bantu baushike. Kisha maestro anaukata kwa sauti ine, soprano, alto, tenor na basi, na tangu hapo wimbo hauna mtu. Hakuna mwenye anasema wangu. Ukisema wangu, hata kwa mchezo, benzako banakujibu: "Basi, uimbe peke yako." Na banacheka, lakini hakuna mwenye anapenda kuambiwa vile.

Wimbo wa Mama ulikuwa na maneno machache. *Bwana, unibebee huyu, mikono imechoka.* Basi. Inarudia, inapanda, inashuka. Korali ilifikiri ni wimbo wa bantu bote benye kuchoka. Mi peke yangu nilijua, juu aliniambiaka siku moja tunachagua maharagi: alikuwa na mtoto mikononi njiani, mgonjwa, na mgongoni mzigo, na ile wimbo njo alikuwa anamwimbia. Mtoto hakufika mpakani. Mama hakulia wakati ananiambia. Alitoa kajiwe kwa maharagi, akakatupa, akaendelea.

Lakini pale korali inaingia kwa sauti ine, Mama alikuwa anafunga macho, na mikono yake inafunguka pole pole, kama mtu anaweka kintu chini. Niliangaliaka ile mikono kila mazoezi. Siku zingine zote ilikuwa imekunjamana kama anaogopa kintu kitaanguka. Pale tu njo ilikuwa inapumzika.

Sasa, kwa sikukuu ya Pasaka mgeni moja alikuja na radio-kasete, akaturikodi, tukafurahi. Kisha miezi, kijana wetu wa tenor akarudi kutoka Area 36, mtaa wa Lilongwe, anahema. "Beko banatuuza! Kasete yetu iko kwa kibanda, na picha ya maporomoko ya maji, na jina ya korali yenye hatuijui!"

Mi nilifika kule na hasira tayari imechemka. Kibanda ilikuwa ya mbao, mwenyewe ni mtu mwembamba, mpole, na ndani njo sisi tunaimba kwa sauti kubwa.

"Hii umeiba wapi?"

"Achimwene, ndugu yangu, sikuiba. Hii ni wimbo ya zamani, ya kienyeji. Haina mwenyewe."

Nikamshika shati. Vifungo viwili vikabaki mkononi mwangu. Bantu bakanivuta, na mi niko napiga kelele za sheria, mapatano ya dunia, miaka hamsini, mpaka mzee moja mwenye kuuza viatu akasema: "Huyu ni mwendawazimu ao ni mheshimiwa?"

Kwa karatasi moja ya semina kulikuwa jina ya wakili mwenye alisomea benzake. Nikauliza, nikafika kwake, chumba kidogo cha juu, si mbali na Capital Hill, kwa maofisi ya serikali. Alikuwa mwanamke kijana, viatu amevivua chini ya meza. Akaona karatasi zangu zenye mafuta, akatambua maneno yake mwenyewe, akacheka mpaka akashika tumbo. "Benzangu balisinzia siku mzima," akasema. "Na wewe umenisoma mpaka mwisho?" Akakubali kutusaidia bure. Nafikiri alikuwa na hamu ya kuona ile sheria inatembea.

Kisha akaacha kucheka. "Sikia. Yule mtu wa kasete anasema ni wimbo ya kienyeji. Hiyo si ujinga, ni ujanja. Wimbo ya kale, yenye mtunzi wake hajulikani, hiyo serikali njo inaichunga, korali yako haina neno juu yake. Mukija kuniambia ni ya sisi wote, ni ya Mungu, amewashinda. Nipe mtu. Mmoja. Mwenye alitunga."

Pale ningeweza kusema: niache niende kuuliza. Barabara ilikuwa kule, Dzaleka ilikuwa kule. Lakini moyo wangu ulikuwa umejaa. Niliona Mama anafua manguo ya bantu, niliona hakuna kintu hata kimoja dunia hii chenye kuandikwa jina yake. Nikasema: "Mtu iko." Nikataja jina yake yote, na ya baba yake, kwa sauti ya kusikika mpaka chini.

Na nilisema kweli. Hiyo njo mbaya yake. Ningekuwa nilisema uongo, ningejua pa kutubu.

Wakili akaandika barua moja kali. Mtu wa kasete akaogopa, akaondoa kasete zote, akatuma salamu za pole na pakiti ya chumvi. Kambini nikapokelewa kama mtu ametoka vitani. Bamama bakanipigia vigelegele. Siku ya mazoezi maestro akanisimamisha mbele. "Avoka, tuelezee."

Nikaelezea! Mdomo haukuwa na breki. Nikawaambia tumeshinda juu sheria imemjua mwenyewe wa wimbo, na mwenyewe ni Mama, huyu hapa, hakuna mwingine. Nikawaambia tangu leo mwenye anataka kuurikodi, kuuza, hata kuupiga mbele ya bantu, anaomba ruhusa kwake. "Hata sisi?" mtu akauliza. "Hata sisi," nikajibu na kifua mbele. Nilifikiri niko namvika taji.

Halafu mzee moja wa sauti ya basi, mtu wa maneno makavu, akakohoa. "Kwa hiyo leo tunapiga hodi kwa mama mbele ya kumwimbia Mungu?"

Bantu bakacheka. Mwingine akaongeza: "Mama, tufungulie, tuko hapa mlangoni na alto yako!"

Kicheko ikakuwa kubwa. Haikuwa ya ubaya, mi nabajua, bantu benye walikula naye na kulia naye. Lakini Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu amekamatwa na kintu cha jirani chini ya nguo. Maestro akapiga makofi. "Sawa, sawa. Ile tuiweke kando kwanza. Tushike ingine."

Kando kwanza. Ikakaa kando wiki, ikakaa kando mpaka mvua. Hakuna mwenye alikataza. Ila maestro akiuliza tuimbe gani, hakuna mdomo unaitaja, juu kuitaja ilikuwa sasa kama kuomba kwa nyumba ya mtu. Mama akaendelea kuja, akaimba alto za wimbo zingine, na mikono imekunjamana.

Nikamfuata nyumbani. "Mama, uimbe hata hapa. Ni yako."

"Mwanangu," akasema, hakukasirika hata kidogo, "peke yangu niliiimba njiani. Niliimba mpaka mwisho peke yangu. Niliileta huku bantu banisaidie kubeba."



Nikarudi kwa wakili mbio. Akafikiri, akasema si ngumu: sheria inamruhusu mtunzi kuwapa wengine haki yake. Akaandika karatasi moja fupi, Mama aweke alama ya kidole, wimbo unakuwa wa korali mzima. Nilibeba ile karatasi ndani ya shati kama mtoto. Siku ya mazoezi maestro akaisoma, mi nikageuza kwa Kiswahili: *mimi, mtunzi na mwenye wimbo huu, nawapa korali...*

Mama akasimama. "Ili niwape, kwanza niseme ni wangu?"

"Njo vile, Mama. Dakika moja tu."

"Basi sitaweka. Mulikuwa munaimba bila kidole yangu."

"Weka tu, Mama, tuimbe," maestro akamwomba, na ninaamini alikuwa anataka kweli.

Yule mzee wa basi akasema: "Anatuchelewesha makusudi. Utamu wa kuwa mwenyewe umemwingia."

Hapo akili yangu ikaruka. Nikaenda juu yake, benchi ikaanguka, nikapiga kelele mpaka vitundu vya juu vikarudisha sauti yangu: "Ni wake! Hata mukatae, ni wake! Mulikuwa nani nyinyi mbele ya hii wimbo? Ni wake!" Nilisema na nikarudia. Kila mara namwona Mama anakuwa mdogo, na kila mara narudia.

Akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. We njo unanitoa humu."

Akatoka. Hakurudi tena kwa korali. Siku ya Mungu, kanisani, alikaa na bamama bengine nyuma, na mtoto wa jirani magotini.

Wiki ingine akaniuliza, akiwa anapepeta unga, hakuniangalia: "Yule mtu wa kasete, angali anapiga?"

Nikaelewa. Nikatafuta ruhusa ya kutoka kambini, nikamwambia tunaenda kununua chumvi na sabuni. Tukashuka Area 36 asubuhi, soko imejaa. Na mbele ya kuona kibanda, tukasikia. Yule mtu alibaki na kasete moja ya kwake, alikuwa anajipigia tu, anapanga vitu vyake. Soprano ikaingia, tenor, halafu alto, na ndani ya alto Mama mwenyewe, wa ile Pasaka.

Mama akasimama katikati ya njia. Bantu banamgonga mabega, hasikii. Akaweka kikapu chini. Nikaona vidole vinaanza kufunguka.

Yule mtu akainua kichwa, akaniona. Akanikumbuka na vifungo vyake. *Tak*, akazima.

"Pepani, achimwene! Samahani! Siuzi tena, walai, nasikiliza tu. Naijua barua."

"Washa!"

"Hapana. Barua ilisema hata kupiga mbele ya watu, ni kwa ruhusa ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni huyu! Huyu hapa!"

Akamwangalia Mama, akavua kofia. Akapiga goti kidogo, vile banafanya kwao kwa heshima, kidole yake iko juu ya kibonyezo. "Zikomo, amayi. Semeni tu ni yenu, nami napiga. Napiga mpaka jioni."

Nikamgeuzia Mama maneno, pole pole, hii mara bila kupaza sauti. Nikangoja. Yule mtu akangoja, kidole pale pale. Mama akaangalia radio, akaniangalia mi, na midomo yake ikasogea kidogo.

Halafu akainama, akaokota kikapu.

"Chumvi inauzwa upande gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.