Atuganile, mchuma chai anayemeza dawa ya kupunguza kinga

Veronika, jirani yake wa upande wa chini, anasimulia hivi. Siku walipomzika baba mkwe wa Veronika mwenyewe, mzee Enosi, watu walijaa uani mpaka wakamwagikia kwenye migomba. Atuganile akaja, lakini akasimama kule barabarani, kitambaa mdomoni, kama mpita njia. Hakuingia ndani walikokaa wanawake wenzake. Hakulala msibani. Wakati wa kutupa udongo kaburini hakusogea.

Kisha, anaendelea Veronika, akafungua kifuko chake, akatoa kitu chenye harufu ya kicheche, akakimeza, akaenda zake bila kuonja hata ndizi ya msiba. Mwezi haukuisha, ng'ombe wa marehemu akafa zizini.

"Mimi sisemi kitu," anasema Veronika, akimenya ndizi bila kuinua macho. "Nasema nilichoona. Nani amewahi kuona Mnyakyusa anaupa mgongo msiba wa jirani?"

Atuganile hakatai. Barabarani alisimama, kitambaa alijifunga, na kitu kinachonuka alikimeza.

"Yote ni kweli, isipokuwa la ng'ombe," anasema. "Yule ng'ombe alikuwa mzee kuliko hata marehemu."

Anacheka kidogo, halafu kicheko kinakatika. Tangu siku ile, wanawake wakikutana naye kwenye njia ya Nkunga humwachia njia yote, na si kwa heshima.

Asubuhi hii ukungu umelala juu ya chai na Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Wachumaji wanaingia kwenye mistari, nailoni zimefungwa kiunoni, vikapu mgongoni. Umande unalowesha mpaka mapajani. Atuganile amechukua mstari wa pembeni, upande unakotoka upepo, mbali kidogo na wenzake.

Vidole vyake vinatetemeka. Vinatetemeka vikienda kwenye jani, vinatetemeka vikirudi. Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi lake, na mkono wa mchumaji unatakiwa uruke kama wa mtu anayedonoa. Wa Atuganile unatafuta kwanza. Siku njema wenzake hupeleka kwenye mzani kilo arobaini na zaidi. Yeye akifikisha ishirini na tano humshukuru Mungu.

"Baba Atu, leo gitaa unampigia nani?" mmoja anamtania kutoka mstari wa tatu, na wengine wanacheka.

Wanamwita Baba Atu kwa sababu ya nywele zilizomwota mashavuni na mikononi. Hizo nazo ni kazi ya dawa, pamoja na kule kutetemeka na kuvimba kwa fizi. Hajibu. Zamani alikuwa anajibu, tena kwa maneno makali kuliko yao. Sasa anasema pumzi yake anaiwekea akiba.

Ving'ora vya kiwanda ndivyo vilivyokuwa saa yake ya dawa, kimoja cha asubuhi, kingine cha jioni. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwenye mali mpya akabakiza cha asubuhi tu, kwa hiyo saa ya jioni siku hizi anaipata kwa taarifa ya habari ya redio. King'ora kinalia. Atuganile anatua kikapu, anageukia bondeni na kupasua karatasi ngumu ya rangi ya fedha iliyofungia dawa. Harufu inatoka hapo hapo, kali, ya kicheche kweli. Walio karibu wanahama.

Anaimeza kwa maji aliyoyachemsha nyumbani. Kisha anasimama kidogo, mkono tumboni, chini upande wa kulia, mahali ilipo figo ya dada yake.

Dada huyo ni Tulia, kifungua mimba wa nyumba yao. Mwaka 1999 Atuganile alianza kuvimba miguu, halafu uso, mpaka asubuhi mumewe Wilson akawa anamfumbua macho kwa kitambaa cha maji ya moto. Kwanza walisema karogwa. Hospitali wakasema figo zake zote mbili zimekufa, na kwamba matibabu yako India. Matibabu yalilipwa na serikali. Nauli ya mtu wa kumtolea figo ikachangwa na ukoo na kanisa, mikungu ya ndizi ikauzwa hadharani baada ya ibada, mmoja mmoja, wiki hadi wiki.

Ndugu walipimwa. Mmoja alikuwa na damu isiyopatana naye, mwingine alikimbia kabla majibu hayajatoka. Tulia alikuja akiwa na jembe begani.

"Mbili za nini mimi?" alimwuliza daktari. "Mjane, watoto wameshakua. Chukua moja."

Walipasuliwa mwaka 2001, siku moja, vyumba viwili vilivyotazamana. Walirudi Tukuyu wote wawili wanatembea, na watu waliwapokea kwa nyimbo.

Ila walirudi na dawa. Inaitwa saiklosporini, na Atuganile huimeza pamoja na vidonge vingine, asubuhi na jioni, hadi atakapoingia kaburini. Daktari mmoja wa Mbeya aliyekuwa akimwangalia ndiye aliyemweleza kwa taratibu. Mwili, alisema, una seli zinazoulinda, na seli hizo hupashana habari. Moja ikigusa kitu kigeni hupeleka ujumbe ndani yake yenyewe mpaka mahali panapotolewa amri ya vita. Dawa hii huingia katikati ya njia ile na kuufunga ujumbe. Amri haitoki. Figo ya Tulia inakaa kwa amani kwa sababu mwili wa Atuganile haujapata habari kwamba imo.

Daktari alimwambia pia kwamba dawa hiyo asili yake ni kuvu iliyookotwa kwenye udongo, nchi za baridi huko Ulaya, na kwamba mpaka leo watafiti wa maabara huitumia kuinyamazisha njia ile moja ya seli, wapate kuona seli inafanya nini bila hiyo.

"Nikasema, basi mimi nami ni maabara," anasema Atuganile. "Daktari akacheka. Mimi sikucheka sana."

Alishindwa kucheka kwa sababu ya yale yaliyofuata. Ujumbe ukifungwa kwa ajili ya figo, umefungwa kwa ajili ya mengine pia. Mafua yakiingia hayana wa kuyazuia. Kikohozi cha mwenzake kwenye basi kinaweza kumlaza. Kikubwa kuliko vyote, aliambiwa, kaa mbali na kifua kikuu. Usilale chumba kimoja na watu wengi. Usikae ndani ya nyumba iliyofungwa na watu wanaokohoa.

Na msiba wa huku ni nini, kama si nyumba iliyofungwa na watu wanaokohoa? Wanawake hukaa ndani, goti kwa goti, wakilia na kushikana, hulala hapo hapo kwenye majani makavu ya migomba siku hata siku. Asiyekuja ana lake jambo. Aliyekuja akasimama nje, huyo ana lake zaidi.

Alijaribu kuwaeleza. Jumapili moja baada ya ibada aliwaambia wanawake wa jumuiya ukweli wote, kwamba anameza dawa ya kupunguza kinga ya mwili. Miaka hii neno kinga limebandikwa kila ukuta wa zahanati, na kila mtu ameshazika mtu ambaye kinga yake iliisha. Sasa mtu mzima anasimama na akili zake na kusema anaimaliza yake kwa kidonge, tena cha serikali.

"Mmoja akaniuliza polepole kama Wilson naye ameshapima," anasema. "Nikajuta kufungua mdomo."

Hofu nyingine ni ya dawa kwisha. Huifuata Mbeya kila mwezi, na mara mbili ameambiwa haijafika kutoka Dar es Salaam. Mara ya pili ilikuwa masika, barabara imekatika, na alikaa siku nne bila kumeza kitu. Anasema alilala akijisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza mlango, akingoja mwili wake ushtuke na kujua.

Lakini yote hayo alikuwa ameshayazoea. Kinachomkondesha sasa kilianza kabla ya Pasaka, Tulia alipoanza kukohoa.

Kwanza walisema ni baridi ya Rungwe. Halafu Tulia akawa halali, jasho linalowesha shuka, mwili unaisha. Hospitali ya wilaya walipima makohozi wakakuta kifua kikuu. Ameanzishiwa dawa, na waganga wa hospitali wanasema wengi hupona wakizimaliza. Tulia ana wiki ya pili. Amedhoofu kiasi kwamba hawezi kukaa kitako peke yake.

Atuganile alikwenda Mbeya kumwuliza daktari yule kitu kimoja tu. Anaweza kumuuguza dada yake?

Jibu lilikuwa hapana, mpaka makohozi ya Tulia yapimwe tena na kuonekana safi. Daktari akaongeza jambo ambalo Atuganile hakulijua. Dawa ya kifua kikuu na saiklosporini hazikai pamoja. Moja huifukuza nyingine kwenye damu. Akiambukizwa, akatibiwa kifua, mwili unaweza kupata habari za ile figo. Anaweza kuipoteza. Na Tulia hana nyingine ya kumpa.

"Kwa hiyo ili nisiue figo ya dada yangu," anasema Atuganile, "namwacha dada yangu."

Kwa mama yao ni umbali wa mashamba mawili ya migomba kutoka kwenye chai. Kila siku baada ya kupima majani kwenye mzani Atuganile hupita hapo, akajifunga kitambaa na kusimama uani, akichagua upande ambao upepo unatoka mgongoni kwake. Anazungumza na Tulia kupitia mlango ulio wazi. Humpa habari za shamba la chai na za kanisani, nani kazaa, nani kagombana na karani wa mzani. Huacha uji kwenye kibaraza na kurudi nyuma hatua kadhaa ndipo mama atoke kuuchukua.

Mama, mzee ambaye Kiswahili chake kina Kinyakyusa tele, ndiye anayemwosha Tulia, anayemlisha na kumgeuza. Hamlaumu mtoto yeyote.

"Watoto wangu wamegawana tumbo," anasema mama. "Sasa mimi nifanye nini? Huyu nikimwita ndani, nasika wawili, makaburi mawili."

Kijijini hawasemi hivyo. Veronika anasema watu wanaona tu, mtu kachukua figo ya mwenzake, na mwenzake sasa anakufa akitazamwa kutoka uani. Anasema hamsemi Atuganile kwa ubaya. Kisha anasema akifa Tulia, watataka kuona mdogo mtu atasimama wapi.

Hilo Atuganile amelisikia. Anasema ndilo linalomfanya aache kula akiwa katikati ya chakula. Mpango wake ni mmoja: Tulia amalize awamu ya kwanza ya dawa, apimwe, karatasi ije inasema safi. Siku hiyo ataingia na jamvi lake na kukaa pale kando ya kitanda mpaka wachokane. Ameshamwomba Wilson ruhusa ya kuhamia kwa mama mwezi mzima, na Wilson kakubali.

"Nataka anitukane vizuri," anasema. "Akiwa mzima ana matusi matamu sana."

Leo ni siku ya soko, na nyumba za jirani zimefungwa. Atuganile anafika kwa mama akiwa bado na nailoni ya chai kiunoni. Mama hayupo, ndoo haipo pia, ina maana ameshuka mtoni, na kupanda kile kilima kwa miguu yake si jambo la haraka. Atuganile anajifunga kitambaa na kusimama mahali pake.

"Ugonile, dada," anasalimia.

Ndani kitanda kinalia. Kikohozi kinakuja, kirefu, kikavu mwanzoni, halafu si kikavu tena. Atuganile anarudi nyuma bila kujijua. Kinapokwisha, sauti ya Tulia inatoka ndogo, kama ya mtu aliyefunikwa shuka usoni.

"Atu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mama yuko wapi?"

"Kashuka mtoni. Anakuja sasa hivi."

Upepo unageuka kidogo, na Atuganile anauhisi ukimgusa usoni, ukitokea mlangoni. Anahama upande wa pili wa uani, karibu na jiwe la kusagia. Kutoka hapo anaona ukingo wa kitanda, na mguu mmoja wa Tulia umening'inia nje, umefunikwa nusu.

"Nilitaka kuinuka, nikateleza," anasema Tulia. "Nimelalia mkono. Pumzi haiingii vizuri hivi."

Atuganile anaitazama njia ya mtoni. Hakuna mtu. Anaita jina la mama kwa nguvu, mara moja, kisha tena, na bondeni hakuna anayeitikia. Anakishika kitambaa na kukikaza mdomoni.

"Ingia unigeuze, mdogo wangu," anasema Tulia. "Kunigeuza tu, kisha utoke."