Zaburi ya Mlangoni

Asubuhi ile mume wangu Anjelo alikuwa anapiga msasa kinyago, mimi nakaanga vitumbua barazani. Tuliishi kwao, upande wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Katekista wetu akapita na karatasi, na uji wa muhogo wa kugundishia kwenye kopo, akawa anabandika Zaburi ya tisini na moja kwenye kila mlango.

"Mama Tino," akaniambia, "atakayekimbia nyumba yenye neno hili amemwita Mungu mwongo."

Vijiji vya jirani vilikuwa vimeshachomwa na waasi. Nilitaka tuvuke siku hiyohiyo, twende kwetu. Anjelo, mtu mwenye akili timamu katika mambo mengine yote, akakataa. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Kesho yake, wakati wa chai, tukasikia risasi.

"Tuondoke, baba Tino!"

"Nenda na mtoto. Mie nabaki. Hapa tumelindwa."

Tumelindwa! Na karatasi na uji wa muhogo.

Nilikimbia na Tino mgongoni. Nilipogeuka, paa letu lilikuwa linawaka.

Mtoni nikamkuta katekista. Ameshakaa kwenye mtumbwi, viatu vikavu kabisa. Hakunitazama.

Majirani waliorudi siku ya tatu ndio waliomzika Anjelo.

Sasa naishi Temeke, nauza vinyago. Hapa mtaani kuna mchungaji wa suti za kung'aa anayegawa zaburi ileile, safari hii imetiwa plastiki. Maendeleo hayo. Jumapili iliyopita aliniita mbele ya watu nitoe ushuhuda jinsi ilivyoniokoa.

"Mie nimeokolewa na miguu yangu, mchungaji," nikasema. "Aliyeiamini hiyo karatasi ni marehemu mume wangu."

Akacheka kidogo, akaagiza pambio.

Zaburi sizichukii. Nawadharau wanaozigeuza hirizi. Mimi nasoma ya themanini na nane, ambayo sijaona mtu akiibandika popote: mtu analalamika mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani. Lakini asingelalamika vile kama hakuamini kwamba yupo anayemsikia. Nami naamini. Kila siku namuuliza Mungu alikuwa wapi wakati Anjelo anamngoja. Hajanijibu. Siachi kumuuliza, maana sina mwingine wa kumuuliza.