Fundi Rangi na Vikao vya Mwenyekiti

Baba mkubwa wa fundi rangi alipenda vikao kuliko chakula. Ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti, na jina lenyewe alilivaa kama koti la sikukuu. Kuku akipotea, kikao. Mtoto akifeli, kikao. Kwa hiyo fundi aliporudi kutoka hospitali akiwa hasikii na anapepesuka, tiba yake ilijulikana.

Homa ya uti wa mgongo ndiyo iliyomlaza. Ilimwacha hai, ila haikuondoka mikono mitupu. Daktari alimweleza mkewe taratibu kwamba wadudu wa homa walipenya kutoka kwenye maji yanayouzunguka ubongo hadi ndani kabisa ya sikio, mahali ambapo usikivu na mizani ya mwili vinakaa nyumba moja. Huko wakaharibu vinyweleo vidogo mno, vile vinavyopokea sauti na vile vinavyoujulisha ubongo kwamba mwili umeinama. Sasa fundi alikuwa anasimama kwa msaada wa macho. Akiyafumba tu, yuko chini. Kibaya zaidi, sikio lililoumia hivyo huanza kujaa mfupa ndani. Kipo kifaa cha kupandikiza ambacho kingemrudishia usikivu, lakini kinahitaji njia, na njia ilikuwa inaziba.

"Mama, msikae sana nyumbani," daktari alisema. "Mrudishe mapema."

Mke aliyapeleka maneno hayo kwa Mwenyekiti, maana gari la ukoo lilikuwa lake. Mwenyekiti akasema vyema, tufungue kwa sala. Watu wakasimama, wakafumba macho. Fundi naye, mtu wa adabu zake, akafumba. Akaiangukia meza ya chai, vikombe vikaenda naye.

Shangazi alimwinamia, akamnusa, akatangaza kwamba ni pombe. Ilikuwa spiriti ya hospitali, pale walipochomoa sindano, lakini pua ya shangazi haijawahi kushindwa kesi. Mwenyekiti akakata shauri: gari haliendi popote mpaka mlevi akiri. Atakiri vipi mtu ambaye hasikii anashtakiwa nini? Hilo halikuwa kwenye ajenda. Kikao kikaahirishwa, kikaitishwa, kikaahirishwa tena kwa sababu shemeji mmoja alikuwa na udhuru. Kila kikao na sala yake, kila sala na anguko lake, na ushahidi ukazidi kunenepa. Mke alijaribu kueleza habari za sikio, akaambiwa mkwe mwema hamtetei mlevi.

Jioni moja alichukua brashi ya mumewe, akaandika ukutani sebuleni: KESHO KWENYE SALA USIFUMBE MACHO. NITAZAME MIMI. Fundi alisoma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Kisha akajishikiza ukutani, akachukua brashi na kunyoosha herufi zilizopinda.

Kesho yake Mwenyekiti aliianza sala yake, nayo ilikuwa ndefu kama kawaida. Fundi alisimama wima, macho kwa mkewe, wala hakutikisika. Hakuna hata mmoja aliyeona, kwa kuwa mashahidi wote walikuwa wamefumba macho. Mke akamshika mkono, wakapita kati ya viti na kutoka nje. Teksi aliyoiagiza asubuhi ilikuwa kwenye kona. Nyuma yao, dirishani, Mwenyekiti alikuwa bado anamwomba Mungu amfungue kijana masikio.

Hospitalini walipiga picha. Daktari aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda mke. Sikio la kulia lilikuwa limeshajaa mfupa, hakuna pa kupita. La kushoto lilikuwa na upenyo mwembamba, na wangejaribu hapo hapo, wiki hiyo hiyo.

"Lakini mama, nilikwambia mapema," daktari alisema. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Mke alimtazama mumewe, aliyekuwa akiwatazama midomo bila kuambulia kitu.

"Kwenye vikao, daktari," alijibu. "Tulikuwa tunafungua kwa sala."