Mke Mwenzangu na Ufunguo wa Pampu

Mwanamke ninayesimulia habari zake hapa aliingia nyumbani kwangu na sanduku la bati, na aliyembebea sanduku hilo alikuwa mume wangu. Mume huyo hakuwahi kunibebea hata ndoo. Kwa hiyo nikimsifu huyu mwanamke mahali, ujue sifa hiyo imenitoka kwa shida.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya shamba la nyanya linaloteremka hadi ziwani. Shamba nililifyeka mimi, visiki nikaving'oa mimi, na lilipoanza kuzaa vizuri ndipo mume wetu akaona sura yangu imechoka. Walinitengea chumba kilichokuwa ghala. Nikabeba godoro langu nikarudi kwenye nyumba aliyoniachia mama, chumba kimoja na jiko, karibu na bomba la kijiji. Katika haraka ile nilisahau sufuria yangu ya mpini. Iliniuma kuliko mume. Mume alikuwa ameshaharibika. Sufuria ilikuwa nzima.

Ziwa letu si kubwa. Mwenye sauti akiita upande huu anaitikiwa ng'ambo. Pampu huvuta maji hadi kwenye tangi kilimani, kisha yanashuka kwa mabomba mawili, moja la kunywa na moja la mashamba. Ndani ya ziwa imesimamishwa nguzo ya zege yenye mstari mwekundu. Maji yakishuka hadi mstari uonekane, bomba la mashamba linafungwa, wanabaki kunywa watu na mifugo tu. Huhitaji kujua kusoma. Mimi sijui kusoma, na mstari nauona.

Ufunguo wa nyumba ya pampu hapewi mtu mwenye ndugu hapa kijijini. Kamati ya maji iliweka utaratibu huo baada ya kuchoshwa na maji yanayofuata ukoo. Kwanza ulishikwa na mchimba visima mmoja aliyekuja kikazi akasahau kuondoka. Alipofariki, kamati ikatafuta mtu mwingine asiye na shangazi, mjomba wala shemeji hapa. Mimi hawakunifikiria. Nusu ya kijiji ni jamaa zangu, na nusu nyingine hatusemezani. Wakamwona mke mwenzangu, aliyeletwa kutoka mbali, huko nyuma ya vilima.

"Lakini ana mume," mtu mmoja alisema kwenye mkutano.

"Mume si ndugu," mwenyekiti akajibu.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa kicheko changu kilikuwa na sababu zake. Hakuna aliyekumbuka kwamba mume mwenyewe ndiye mwenye shamba kubwa kuliko yote kwenye bomba la mashamba, na kwamba mwenyekiti ni binamu yake.

Nilingoja aharibikiwe. Niwe mkweli, nilingoja kwa hamu. Lakini kila asubuhi nilimwona akipita na debe la grisi na fimbo ndefu, anaingia majini hadi magotini kuondoa majani kwenye chujio, kisha anatazama nguzo kama mama anayemtazama mtoto mwenye homa. Mvua zilipokuwa zikisomba udongo wa mashamba na kuumwaga ziwani, alipanda matete ukingoni, shina kwa shina, hata mbele ya shamba la mume wake. Mbuzi wakiyaingia anawatoa. Watu wakifua nguo pale anawaondoa. Mdomo wake hauna kelele, na ndiyo maana ulikuwa unaniudhi.

Siku moja nilibeba mashuka na sabuni, nikaenda kufulia ukingoni hasa, mbele ya macho yake.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba."

"Naomba usogee kule nyuma ya matete. Povu linarudi kwenye chujio."

"Nyumbani umenisogeza. Na ziwani pia unanisogeza?"

Aliinua beseni langu lenye maji na mashuka, akalipeleka nyuma ya matete, akarudi kunisubiri. Nilipomfuata, alishika upande mmoja wa shuka, mimi nikashika wa pili, tukakamua. Nilienda nyumbani nimekasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi na sikuupata.

Kisha kikaja kiangazi kisichokwisha. Maji yakarudi nyuma, tope likapasuka ukingoni, na asubuhi moja mstari mwekundu ukaonekana. Mke mwenzangu akafunga bomba la mashamba, akaning'iniza ufunguo shingoni. Nyanya za mume wetu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwiva.

Mume akamfuata bombani tukiwa kwenye foleni, ndoo zetu zimejipanga.

"Mke wangu, nipe huo ufunguo. Nafungulia kidogo tu, nyanya zilowe."

"Mstari umeonekana, baba."

"Mumeo ni mimi au ni mstari?"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. "Nyumbani wewe ni mume wangu," akasema. "Hapa wewe ni shamba."

"Basi nyumbani usirudi," akasema mume wetu. "Kalale kwenye nguzo."

Fundi cherehani, aliyekuwa mbele yangu, akaninong'oneza: "Leo umefurahi, eh?" Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Lakini nilimtazama yule bwana akipanda njia, mabega yameinuka, na nikakumbuka mabega hayo hayo siku niliyobeba godoro.

Jioni hiyo, lile sanduku la bati lilikuwa barabarani. Safari hii hakuna aliyembebea. Alijitwika, akaenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akamshukuru sana kwa uaminifu wake, akiwa amesimama katikati ya mlango. Alisema kamati haiwezi kuingilia mambo ya mume na mke. Nyumba ya pili walisema hivyo hivyo, na ya tatu. Hakuwa na shangazi wa kumpokea wala mjomba wa kumtetea. Kwa sababu hiyo hiyo walimpa ufunguo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuwa na pa kulala.

Alifika kwangu mwisho, kwa kuwa nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya kituo cha basi.

"Dada, naomba niweke sanduku hapa hadi basi la kesho."

"Na ufunguo?"

"Nitamwachia mwenyekiti."

Tulitazamana. Hakuna aliyehitaji kuambiwa yatakayofuata. Mwenyekiti angempa binamu yake, bomba la mashamba lingefunguliwa kesho hiyo hiyo, na wengine wenye mashamba wangedai na wao. Maji yaliyobaki yangekwenda kwenye nyanya, na sisi tungebaki na tope. Nilisimama mlangoni kama mwenyekiti alivyosimama. Kusema kweli ulimi wangu ulikuwa na maneno mengi ya zamani yaliyokuwa yakisubiri siku kama hiyo.

"Sandukuni mna nini?" nikauliza.

"Nguo. Na sufuria."

"Sufuria ya mpini?"

"Hiyo."

"Ingiza," nikasema. "Nimeitafuta muda mrefu."

Basi lilipita kesho yake bila yeye. Mume wetu na mwenyekiti hawakukaa kimya. Waliitisha mkutano mbele ya nyumba ya pampu.

"Ndugu zangu, utaratibu ni utaratibu," mwenyekiti akaanza. "Mshika ufunguo sasa anaishi kwa mzaliwa wa hapa. Ameshapata ndugu. Ufunguo urudi kwa kamati."

Mume wetu alisimama nyuma yake, amekunja mikono, uso mpole kama mtu aliyekuja kusindikiza tu. Mke mwenzangu alikuwa ameshaanza kuuvua ufunguo shingoni. Nikamshika mkono.

"Mwenyekiti," nikasema, "muulize mtu yeyote hapa. Mimi na huyu ni ndugu?"

Watu wakatazamana. Fundi cherehani akakohoa. "Huyu dada kila akija kupimwa nguo anamsema mwenzake mpaka nakosea kipimo," akasema. "Nikiharibu gauni lake, kosa ni lao wote wawili."

"Kwangu alimtukana msibani," mtu akaongeza nyuma, "na marehemu bado hajazikwa."

"Lakini wanakula pamoja," mwenyekiti akasema.

"Anakula kwenye sufuria yangu," nikamjibu. "Hilo alianza zamani, ukiwa wewe shahidi wa ndoa."

Hapo kicheko cha watu kilimzidi nguvu. Hakuna aliyeweza kusimama na kusema sisi ni ndugu. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia mdomo wangu. Ufunguo ukarudi shingoni. Nilikaa chini nikiwa na aibu kidogo na ushindi kidogo. Chuki niliyoifuga kwa ajili yangu mwenyewe ndiyo iliyomwokoa, na sikujua niiweke wapi tena.

Shamba la nyanya limekauka. Nikipita juu yake naona mahali pa kila kisiki nilichong'oa, na inaniuma, sitadanganya. Ziwa limeshuka chini ya mstari, lakini lipo, na matete bado yana kijani miguuni.

Asubuhi baada ya mkutano niliwahi bombani, nikaiweka ndoo yangu iwe ya kwanza kabisa. Mke mwenzangu akaja, akaiinua kwa mikono miwili, akaipeleka mwisho wa foleni.

"Nisamehe, dada. Wakiona umetangulia watasema."

"Watasema nini?"

"Kwamba sisi ni ndugu."

Nikakaa juu ya jiwe, nikangoja wote wachote. Jua lilikuwa limeshapanda wakati ndoo yangu ilipojaa. Alifunga bomba, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akainua ndoo yangu akajitwika mwenyewe, akatangulia kupanda njia. Nilimfuata nyuma, nikimwambia aangalie asimwage.